Lazima niteseke ndipo wimbo wangu uguse watu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Morogoro na nimeanza kurekodi nyimbo zangu. Prodyuza wangu anasema sauti ninayo lakini hisia sina, kwa sababu sijapitia maisha. Ni kweli nimelelewa vizuri. Shida kubwa niliyowahi kuijua utotoni ni baba kufanya kazi Dodoma na kurudi Ijumaa usiku. Tulikuwa hatufungi geti kwa kufuli mpaka tumsikie akikohoa nje. Hayo si mateso. Nimekutumia kipande cha sauti na ubeti wa kwanza wa wimbo wangu mpya, wa mtu aliyeachwa:

Moyo wangu unavuja damu,
Machozi yatiririka kama mto,
Umeniacha kwenye giza,
Maumivu hayana mwisho.

Je, naruhusiwa kuimba nisichokipitia? Nikiwa studio nijilazimishe kulia, kama anavyotaka yeye? Na mbona siku hizi kompyuta inatunga wimbo kwa dakika moja na watu wanaguswa, wakati yenyewe haijawahi kuachwa na mtu?

Jibu: Marahaba, binti yangu.

Prodyuza wako amesikia kasoro ambayo ipo kweli. Sababu aliyoitaja ndiyo siyo. Nimesikiliza kipande chako: sauti iko, pumzi unaipanga, matamshi ni safi. Lakini katika ile mistari minne hakuna hata mmoja ambao usingeweza kuimbwa na mzee wa Kisumu aliyefiwa na mkewe, au na shabiki ambaye timu yake imeshuka daraja. Moyo unaovuja damu, machozi kama mto, giza: hivyo ni vitu vya kila mtu, vimeimbwa hata kabla bibi zetu hawajazaliwa, na sikio la msikilizaji limevizoea kiasi kwamba havimsimamishi tena. Hata kama angeviandika mwanamke aliyeachwa jana, mabegi yake yakiwa bado mlangoni, vingepita vivyo hivyo. Nimefundisha watu ambao maisha yamewapiga haswa, na nyimbo zao za mwanzo huwa ni hizihizi za damu na mito. Kama mateso peke yake yangetosha, kila wodi ya hospitali ingekuwa na bendi yake.

Kwa hiyo jibu fupi ni hapana, huhitaji kuteseka. Jibu refu ni kwamba maisha uliyoishi yana kazi kubwa kwenye wimbo, ila ni kazi nyingine kabisa na ile anayoifikiria prodyuza wako.

Tumtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia maskini ya wakulima na wafinyanzi, akatembeza vyungu akivinadi kwa sauti yake. Alihamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, wakati taarabu ya watukufu ilikuwa bado ikiimbwa kwa Kiarabu. Kama kuna mwimbaji wa pwani ambaye hata prodyuza wako angekubali kwamba amepitia maisha, ni huyu. Sasa angalia aliyatumiaje.

Moja ya nyimbo zake mashuhuri ni ule wa Kijiti. Kisa kilitokea kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alifika Unguja, akatoka na mwanamume aitwaye Kijiti kwenda kujiburudisha, akauawa. Kijiti akatoroka. Kina mama waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi wakaishia kuadhibiwa wao, kisa pombe. Siti hakuwapo vichakani usiku ule. Hata hivyo kuna ubeti ambamo anaimba kwa kinywa cha marehemu mwenyewe, kwamba Kijiti kaniambia twende, laiti ningelijua ningekataa, Kijiti unaniua kwa pegi moja ya tende.

Pegi moja ya tende! Ametaja kinywaji, kileo cha tende, ametaja na kipimo chake. Hajasema kwamba maumivu hayana mwisho, wala hajatuomba tuhuzunike. Tunaiona tu roho ya mtu ikienda kwa bei ya glasi moja, na koo linakauka lenyewe. Alijuaje kwamba katika mambo yote ya mkasa ule hicho ndicho cha kutaja? Hapo ndipo maisha yake yalipoingia kazini. Mwanamke maskini aliyetoka shamba anajua mahakama itamtazamaje mwanamke maskini mwenzake aliyeonja kileo: kabla ya kuuliza nani kamuua, itauliza alikunywa nini na alikuwa na nani. Mkasa haukuwa wake, lakini jicho la kuchagua kitu gani kitajwe ndani ya mkasa lilikuwa lake, na alilipata kwa kuishi.

Na yeye mwenyewe alipoumizwa alifanyaje? Wapo waliomwonea kijicho wakamtungia wimbo wa kejeli: kawa mtu lini huyu, kaja mjini na kaniki chini, kama si sauti angekula nini. Kaniki ni kitambaa cheusi cha bei ndogo, vazi la maskini, na tusi hilo linagusa asili yake, umaskini wake na hadhi yake kwa mpigo mmoja. Jibu lake wengi tunalijua kwa moyo:

Si hoja uzuri,
Na sura jamali,
Kuwa mtukufu,
Na jadi kubeli,
Hasara ya mtu,
Kukosa akili.

Mtafute Siti humo ndani. Hayumo. Hakuna nimeumia, hakuna mnanionea, hakuna hata nafsi ya kwanza mahali popote. Jambo hili hunishangaza kila ninapolifundisha: msiba wa mwenzake aliuimba kama wake, na tusi lililomlenga yeye mwenyewe akaliimba kana kwamba halimhusu. Anayeamini kwamba hisia za kweli ni kumimina yaliyo kifuani jinsi yalivyo atapata shida na beti hizi mbili. Hasira yake aliisuka kwa mizani sita kila mstari, mpaka ikawa hoja ambayo mtu wa leo anaweza kumtolea jirani yake bila kujua lolote kuhusu ugomvi wa Unguja wa zama zile.

Mifano ya kuimba maisha ya mwingine ni mingi, nitapita haraka. Miriam Makeba, mwanamke wa Afrika Kusini, aliubeba wimbo Malaika akaufikisha duniani kote. Ule ni wimbo wa kijana wa kiume wa Afrika Mashariki asiye na mali ya kuolea, tena kwa lugha isiyo ya mama yake Makeba. Sijawahi kumsikia mtu akimhoji uzoefu wake wa kukosa mahari. Huku kwetu, Ferooz aliimba Starehe kama mgonjwa wa UKIMWI anayejutia mwenendo wake, na wengi tulioupokea wimbo ule tulikuwa na mgonjwa ndani ya nyumba au nyumba ya pili. Ungeweza kusema alikuwa anaigiza. Ndiyo, na aliigiza vizuri, kama mtu aliyewatazama wagonjwa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: unaruhusiwa. Lakini ipo mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni nyimbo zenye wenyewe. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, watu wa nje walimjua kama bibi mwenye sauti ya ajabu jukwaani. Nyumbani alijulikana pia kwa kupiga ngoma ya unyago na kuwafunda wari. Nyimbo za unyago ni somo kabla hazijawa burudani. Anayeziimba anabeba dhamana ya kungwi, na dhamana hiyo haipatikani kwa kusikiliza rekodi. Hapo uzoefu ni sharti, na siwezi kukufichia. Nimeshasikia vijana wakichota kipande cha namna hiyo na kukitia kwenye biti kwa sababu kinanoga. Mimi sikubaliani nao.

Mpaka wa pili ni watu walio hai. Ukiimba mkasa wa jirani yako na mtaa mzima ukamtambua, umemwanika. Mwombe ruhusa, au badilisha mambo mpaka asitambulike, na ujue kwamba kubadilisha jina peke yake hakutoshi kwenye mtaa ambao kila mtu anajua nani alifumaniwa na nani. Siti aliimba jambo ambalo lilishafika mahakamani na mji wote ulilijua. Siri uliyonong'onezwa na shoga yako ukiwa unasukwa ni kitu kingine.

Sasa turudi kwenye barua yako, maana humo kuna kitu umekipita bila kukitazama. Umeniandikia kwamba hamkufunga geti kwa kufuli mpaka mmsikie baba akikohoa nje, halafu ukamalizia kwamba hayo si mateso. Sawa, si mateso. Lakini sentensi hiyo moja imenikalia kichwani kuliko ubeti wako wote. Nimewaona watoto macho yako darini, mama anajifanya amelala, basi limechelewa, mbwa wa jirani anabweka kisha ananyamaza. Mengine nimeyaongeza mwenyewe, wewe hukuyasema. Ulinipa kufuli na kikohozi tu, vilivyobaki nikavitoa kwangu.

Wimbo unaogusa hufanya hivyo: unampa msikilizaji kitu kimoja kilichoonwa kweli, yeye analeta vyake. Unapomwambia kwamba una maumivu yasiyo na mwisho umeshammalizia kazi, hana pa kuingia.

Na hapa sikushauri uache wimbo wa kuachwa ukaandike wimbo wa baba. Baki nao. Hujaachwa na mpenzi, lakini kungoja unakujua; miaka yote ile ya Ijumaa umeijua hali ya kutega sikio. Yule mwanamke wa kwenye wimbo mpe geti lako. Mwanamume ameondoka, watu wanamwambia asahau, na yeye anasema:

Geti bado silifungi,
Ijumaa ikifika.

Mizani nane na nane, inakaa vizuri kwenye mdundo wowote wa taratibu. Hakuna moyo, hakuna damu, wala hajasema kwamba bado anampenda. Mistari inayofuata iandike wewe, kwa sababu mimi silijui geti lenu. Je, lilikuwa la mabati au la nondo? Lilipiga kelele gani likifunguliwa? Nani alikuwa na kazi ya kwenda kulifunga baada ya baba kuingia? Jibu la swali la mwisho huenda likawa kiitikio chako. Andika kwanza kila kitu kwa maneno ya kawaida, kurasa mbili tatu, bila vina. Kisha ondoa kila sentensi ambayo mtu asiyewahi kufika kwenu angeweza kuiandika. Utakayobaki nayo ni machache. Ndiyo ya kutilia vina.

Na muziki wenyewe usiutie huzuni juu ya huzuni. Kosa hili nalisikia sana: maneno ya kilio, kinanda cha kilio, mdundo unaojikokota, na mwimbaji anavuta kila neno kama anasukuma gari lililozima. Wapiga dansi walijua zamani kwamba si lazima. Remmy Ongala alikiimba kifo chenyewe, akakihoji kwa magitaa yanayochezeka, na watu walicheza. Wakati mwili unacheza, sikio linajisahau, na maneno yanaingia bila kubisha hodi.

Kuhusu kulia studio. Mtu anapolia koo hukaza, pumzi hupanda juu kifuani na kukatikakatika, na pua huziba. Unapoteza vitu vitatu ambavyo mwimbaji anavihitaji kuliko vyote: pumzi ndefu, sauti inayokaa juu ya noti, na matamshi. Mchukue mtu yeyote aliyelia msibani umwombe aimbe papo hapo. Ataishia mstari wa pili. Wanaoimba msibani, wa kwaya au wa kaswida, si kwamba hawana uchungu. Wamezoea kuushika mpaka wamalize. Hiyo ni mazoezi, na hujengwa kama mazoezi mengine yoyote.

Mimi ningefanya hivi. Uimbe wimbo nyumbani mara nyingi mno, na kama machozi yanakuja, yaache yaje huko, mpaka siku moja usikie kwamba unaweza kuupita ule mstari mgumu bila kukaza koo. Siku hiyo ndiyo ya kwenda studio. Ukifika, kwenye mstari wa geti punguza sauti badala ya kuipandisha, sogea karibu na maiki, na useme maneno karibu na mazungumzo. Usitetemeshe sauti kwa makusudi. Mtetemo wa makusudi unajulikana, hata na mtu asiyejua muziki, na ukishajulikana umekwisha. Prodyuza akikuambia ongeza hisia, mwulize kwenye neno lipi. Mara nyingi utagundua anachotaka ni uchelewe kidogo neno moja, au upumue mahali pengine. Hayo ni maelekezo yanayotekelezeka. "Ongeza hisia" haitekelezeki.

Kuna jambo jingine ambalo kuimba kwa mtindo wa studio kumetusahaulisha, na taarabu ingetukumbusha. Kwenye taarabu mtunzi wa shairi mara nyingi ni mtu mmoja, aliyetia muziki ni wa pili, anayeimba ni wa tatu. Halafu katikati ya wimbo anainuka mwanamke kwenye viti, noti mkononi, anakwenda kwa madaha hadi mbele, anamtuza mwimbaji kwenye ubeti ule ule anaoutaka, na ukumbi mzima unajua ubeti umemwendea nani. Hisia kali kuliko zote usiku ule ni ya huyo aliyetuza. Mwimbaji huenda anawaza usafiri wa kurudi nyumbani. Je, wimbo ule ni wa uongo? Sidhani kama kuna mtu ukumbini angekubali. Kazi ya mwimbaji ilikuwa kumpa yule mwanamke maneno yaliyopimwa sawasawa, ayatie mambo yake mwenyewe.

Nikitoka hapo naweza kukujibu la kompyuta bila hasira. Ndiyo, programu hizo hutoa wimbo kwa dakika moja, na ndiyo, mtu anaweza kuusikiliza akaguswa, kwa sababu anayeguswa ana maisha yake tayari na analeta vyake kama nilivyosema juu. Sioni haja ya kukana. Lakini programu hizo hufunzwa kwa nyimbo nyingi mno zilizokwishaimbwa, na ukiiomba wimbo wa kuachwa bila kuipa chochote chako, huelekea kukurudishia kile ambacho nyimbo nyingi zimekisema. Yaani itakupa moyo unaovuja damu. Ubeti uliouandika wewe, nisamehe kwa kusema wazi, ndio ubeti ambao mashine ingeuandika, na kwa uwanja huo itakushinda kwa sababu haichoki wala hailipii studio. Kufuli la geti lenu haikuwa nalo. Ungeweza kulichapa ukaipa, na ingelitumia, pengine vizuri tu. Lakini mwenye kulitoa angekuwa wewe.

Ndiyo maana sipendi kabisa yale mahojiano ambayo msanii chipukizi anasukumwa aeleze alivyolala njaa, alivyofukuzwa nyumba, alivyouza karanga, kana kwamba ni cheti cha kumruhusu kuimba. Wengine huongeza chumvi, na ninawaelewa. Soko limewafundisha kwamba ufukara unauza. Wewe usijitafutie mateso ya kubuni kwa ajili ya soko hilo. Umelelewa na baba aliyesafiri kila wiki ili awe nanyi siku mbili na mama aliyewalea katikati ya wiki peke yake. Humo mna nyimbo za kukutosha miaka kadhaa, na baadhi yake si za huzuni hata kidogo. Nani alikuwa wa kwanza kupekua begi lake? Jumatatu asubuhi ilikuwaje?

Ukishamaliza ubeti mpya, usimwulize prodyuza kama una hisia. Rekodi demo kwa simu, sauti yako na gitaa au hata makofi tu, bila biti. Mpe asikilize mara moja. Pigeni stori za mambo mengine kwa muda, kisha mwulize ni maneno gani anayakumbuka. Akikutajia mstari fulani, jengeni wimbo kuuzunguka huo, hata kama siyo ule uliokuwa ukiupenda wewe. Akikuambia tu kwamba sauti ni nzuri na melodi imekaa, rudi kwenye daftari kabla hujalipia saa nyingine ya studio.